Ngazi Arobaini za Sultani Harithi

Hapo zamani, katika mji nisioutaja kwa kuwa wenyewe wangali na kiburi, alikuwako Sultani Harithi, aliyejenga baraza yake ya hukumu juu ya ngazi arobaini, apate kuwa karibu na mbingu. Ikawa sheria: asiyepanda kwa miguu yake hapiti mlango wa chini, na asiyekuwapo mbele ya Sultani ngoma ikinyamaza, kesi imempotea, ila mdai huruhusiwa kurudi hadi mara tatu.

Basi palikuwa na mfinyanzi, Bi Zuwena, kiwete tangu kuzaliwa, ambaye jirani yake tajiri, Sefu Badi, alimpora kiwanja chenye tanuri lake. Mara mbili alijikokota hadi mlangoni, na mara mbili ngoma ikanyamaza yu chini. Ya tatu ndiyo ya mwisho; akishindwa, kiwanja kimekwenda na riziki yake imekwenda nacho.

Mbwarali, fukara asiyeogopa mtu, akaenda kumwombea. Sultani akamcheka.

"Wanifunza sheria? Haya, kesho wewe ndiwe bawabu. Ukimpitisha hata mmoja asiyetumia miguu yake, nakukata kichwa."

"Hata mmoja, Maulana?"

"Hata mmoja!"

"Nimesikia, nami nimetii."

Kulipokucha, Sefu Badi akapanda mapema, akaketi juu akijipepea. Bi Zuwena akaketi chini vumbini. Kisha akaja Sultani juu ya machela, amebebwa na wapagazi wanne, maana jongo lilikuwa limemshika miguu siku nyingi. Mabawabu wote waliotangulia walikuwa na akili, wakimfungulia. Mbwarali akatia komeo.

"Fungua, mpumbavu!"

"Shuka upande kwa miguu yako, Maulana. Kichwa changu ni kimoja tu."

Sultani akashusha mguu, akakanyaga chini, akapiga ukelele.

"Kwa jongo hili nitapandaje?"

"Bi Zuwena huyu hapa hujiuliza hivyo hivyo, nami sijui jibu. Ulizaneni."

Watu wakaziba vinywa kwa vilemba. Sultani akataka kukasirika, kicheko kikamshinda.

"Tandikeni jamvi! Nitahukumu hapa hapa."

Ngoma ikapigwa, ikanyamaza. Huko juu Sefu Badi akachungulia, akaanza kushuka mbio, kanzu mkononi.

"Ngoma imenyamaza naye hayupo," akasema karani. "Kesi imempotea."

Mbwarali akapiga makofi. Lakini Bi Zuwena akasema, "Mngojeni, Maulana. Nataka anijibu huku ananitazama. Haki ninayo, sitaki ngazi zinishindie."

Hapo Sultani akaona haya, haya ya kweli, hata akainamisha uso. Wakamngoja. Sefu Badi alipofika, akihema, akaulizwa ni nani aliyelijenga tanuri lile, akamtazama Bi Zuwena, akasema, "Ni yeye." Kiwanja kikarudi kwa mwenyewe.

Tangu siku hiyo baraza ikakaa chini, uwanjani, na Mbwarali akapewa ubawabu wa maisha, mahali pasipo na mlango wowote, nayo ikawa kazi iliyomfaa sana.