Kwa Nini Pimbi Hulala Wamepeana Migongo

Mmeniuliza wanyama wanaishije na baridi hii ya Makete na hawana meko wala masweta. Kondoo mnamjua, ana sufu. Kuku mmemwona asubuhi akitutumua manyoya hadi anaonekana mnono kuliko alivyo. Huyu pimbi wa kwenye miamba ya pale juu nitawaeleza polepole, maana habari yake ni ya aibu, na leo siwezi kuisimulia huku nikicheka.

Zamani, kabla mtu yeyote hajapanda viazi kwenye mlima huu, kila pimbi aliishi peke yake. Kila mmoja alikuwa na pango lake alilolitandika nyasi kavu, na mwamba wake wa kuotea jua, na alijivuna kwa hilo. Walikuwa pia na adabu kama yetu. Mgeni alipiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa alirudi alikotoka. Kuingia bila kukaribishwa kulionekana kubaya kuliko wizi.

Palikuwa na ndugu wawili wa kike. Pango la mkubwa lilikuwa refu na kavu. Mdogo wake aliishi kwenye ufa mwembamba upande wa upepo, na alikuwa na watoto wawili wa siku tatu. Mchana mmoja ikashuka mvua ya mawe, maji yakajaa kwenye ule ufa. Akawabeba watoto kwa mdomo, mmoja mmoja, mpaka mlangoni kwa dada yake.

"Hodi, dada. Ni mimi, nina watoto."

Dada mtu alikuwa macho, tena alisikia vizuri. Lakini alifikiria nyasi zake zitakavyolowa, akajiambia kuwa majirani ni wengi, mwingine atamkaribisha. Akafumba macho, akajifanya amelala. Hodi ya pili akaisikia. Ya tatu ilikuwa ya chini sana, na hiyo nayo akaisikia.

Mdogo mtu hakuingia, kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri. Na pa kurudi hakuwa napo. Akaketi pale kizingitini, akawaweka watoto chini ya tumbo lake, akaupa upepo mgongo.

Jioni mvua ilipokatika, dada alitoka akamkuta amekufa kwa baridi. Watoto walikuwa hai. Hawakujua lolote, maskini. Walisikia joto wakalifuata, wakajipenyeza ubavuni mwa mama yao mkubwa. Yeye alishindwa kuwatazama. Akageuza uso upande wa bonde, akawaachia mgongo wake wajikunyate hapo.

Pimbi wengine walipokuja, aliwaambia ukweli. "Alipiga hodi, nikamsikia."

Alingoja wamlaani. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu kwenye miamba sauti hufika mbali, na wote walikuwa wamemsikia. Kila mmoja alimwachia mwenzake. Basi wakaingia katika lile pango, mmoja baada ya mwingine, bila hodi, wakawazunguka wale watoto na kubanana, migongo ndani, nyuso nje.

Na tangu siku hiyo pimbi halali peke yake. Baridi ikizidi hurundikana, hata mmoja juu ya mwingine, na ndivyo wanavyopata joto. Asubuhi wakitoka kuota jua hubanana vilevile, lakini angalieni, kila mmoja anatazama upande wake. Joto wanapeana, ila kutazamana bado hawawezi.

Jana mvua ikinyesha, Mama Tumwitike wa nyumba ya kule bondeni alipiga hodi hapa, na kichanga chake mgongoni. Mliniona nikiweka kidole mdomoni, mkanyamaza kwa kunitii. Maharage yalikuwa machache, nami nikasema moyoni kuwa atakwenda kwa wengine. Nimeona aibu tangu jana, wajukuu zangu, na nadhani mmegundua kwamba muda wote huu nawasimulia huku natazama moto.

Sekela, chota makaa uyaweke kwenye kigae. Ninyi wengine bebeni kuni. Nyinyi hamna kosa, kwa hiyo hodi nitapiga mimi. Asipoitikia nitakaa pale pale mlangoni kwake.