Mlango wa Pikapu ya Mzee Shemdoe

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ile ya sungura na fisi, ni hii ya juzijuzi ambayo magari yalikuwepo na barabara ilikuwepo ila lami bado, kulikuwa na mama kijana aitwaye Zaina. Aliishi kwa wakwe zake juu milimani, mumewe akifanya kazi mbali kwenye mashamba ya mkonge. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Sikudhani, na Sikudhani alizaliwa na mguu wa kushoto umepinda kwa ndani, wayo unatazamana na mwenzake.

Daktari wa hospitali ya bondeni alisema mguu utanyooka. Mtoto aletwe kila Alhamisi, wauvute kidogo, waufunge hogo, ile plasta nyeupe ngumu, Alhamisi sita mfululizo. Ila msiruke hata moja, akasema, mkiruka mguu unarudi ulikotoka. Maneno hayo Zaina aliyabeba kifuani, akilala nayo na kuamka nayo.

Sasa, gari pale mlimani lilikuwa moja, pikapu kuukuu ya baba mkwe wake, Mzee Shemdoe, na dereva alikuwa shemeji yake, Hoza. Mlango wa kushoto ulikuwa umeshuka. Ukitaka kuufunga unaunyanyua, unaubamiza, unaomba Mungu, kisha unaufunga kwa kanga kwenye chuma cha kiti. Miaka miwili nyumba nzima ilikuwa hivyo: unyanyue, ubamize, ufunge kwa kanga. Hakuna aliyeona ajabu. Mgeni akishangaa, anaambiwa ndivyo ulivyo.

Alhamisi ya tatu, wakishuka kona ya mwamba, kanga ikafunguka. Mlango ukaachia, Zaina akaona bonde lote chini ya miguu yake, mtoto mikononi, kiatu kimoja kikaenda zake. Hoza alimdaka kwa gauni. Zaina hakulia. Alishuka, akatembea hadi hospitali, mtoto akafungwa hogo lake, akapanda mlima kwa miguu mpaka nyumbani, akafika jua linazama, akasema, "Mimi gari hilo sipandi tena."

Hoza akamcheka kidogo, kwamba shemeji hata kuku akipiga chafya anashika moyo. Zaina hakucheka. Mvua zilikuwa zimeanza, hogo halitakiwi kulowa, na Alhamisi ya nne ilikuwa siku saba mbele. Kupanda anaogopa, kutopanda anaogopa zaidi, na maziwa yenyewe yakaanza kumpungua kwa hofu.

Mzee Shemdoe alipoona hivyo alitoa neno mbele ya nyumba nzima. "Mimi goti limekwisha, siendeshi tena. Atakayeuponya mlango huu hadi ufungwe kwa kidole kimoja, pikapu ni yake."

Basi Hoza akaanza. Siku ya kwanza alipiga tupa kitasa, mlango ukagoma. Siku ya pili alikigonga kitasa kiingie ndani, mlango ukagoma. Siku ya tatu alinunua kitasa kingine, na mlango, jamani, ukagoma vilevile.

Siku hiyohiyo akapita jirani yao, Fundi Mbelwa seremala, amekuja kuomba abebewe mbao. Aliufungua mlango wazi, akaushika mwishoni, akaunyanyua juu, akaushusha, akaunyanyua tena. Pale kwenye bawaba pakacheza kama jino la mtoto.

"Mnatibu mdomo, mgonjwa ni bega," akasema. "Pini zimekula matundu ya bawaba. Na ninyi mnaubamiza, mnazidi kuyatanua. Tena nani hujining'iniza hapa akishuka?"

Watu wote wakatazama goti la Mzee Shemdoe, na Mzee akatazama mawingu. Mbelwa akachukua ahadi ya mbao zake, akaenda. Hata chai hakunywa.

Hoza akaegemeza mlango juu ya jeki, akatandika gunia, akazigonga pini zikatoka. Kweli, matundu yalikuwa yamekuwa kama mayai. Zilitakiwa pete mbili za kujaza ile nafasi, na wenye maduka ya vipuri walimwambia gari la umri ule walisikia tu kwa baba zao. Akakata kopo la maziwa, akalikunja, likapondeka kabla ya jioni. Zaina alisimama pale na mtoto mgongoni, akihesabu siku, zimebaki mbili.

Ndipo akatoka ndani mama mkwe, Bi Kidawa, mkononi ana kidau cha wanja, kile kijibomba cha shaba alichopewa na marehemu mama yake siku ya harusi. Akakijaribisha kwenye tundu kwa mkono wake mwenyewe, kikaenea. Akamwaga wanja wote kwenye jani la mgomba, akampa Hoza, na msumeno ulipoanza kulia akageuka akatazama migomba.

Hoza alikata pete mbili, akazisugua, akazitia, ukucha wake mmoja ukapondwa ukawa mweusi, akapaka grisi, akagonga pini, akatoa jeki. Jumatano, saa kumi jioni, akasema, "Shemeji, njoo."

Zaina alikwenda. Akanyoosha kidole kimoja. Mlango ukaenda wenyewe, taratibu, ukasema tk. Akaufungua, akaufunga tena. Akaufunga mara tisa.

Kesho yake alipanda, kona zote akafumba macho isipokuwa ile ya mwamba, hiyo aliitazama wazi. Mlango ulitulia. Daktari aliupima mguu wa Sikudhani, akasema unakuja, unakuja vizuri, bado Alhamisi mbili.

Waliporudi walimkuta Mzee Shemdoe barazani. Hoza akamkabidhi ufunguo, na Mzee akauliza nani aupokee.

Hoza akasema, "Baba, jasho ni langu. Angalia ukucha huu. Ugonjwa ukitajwa bila kutibiwa, mgonjwa hafi?"

Fundi Mbelwa, aliyekuwa amefuata mbao zake, akasema naye hakuja kugombana na mtoto wa watu, lakini ukweli ni ukweli. "Siku tatu ulikuwa unapiga kitasa, kijana. Ungekipiga mpaka leo."

Bi Kidawa akasema, "Ninyi mmetoa maneno na jasho, na vyote hivyo kesho mnavyo tena. Mimi nilichokitoa hakirudi. Mama yangu hanipi kingine."

Zaina alikuwa ananyonyesha. Mzee akamgeukia, akamuuliza na wewe mwanangu, huna neno? Maneno yakamtoka mbiombio, yamekanyagana.

"Baba, mimi sijashika nyundo, sijatoa shaba, bawaba siijui. Mimi niliogopa tu. Lakini miaka miwili mlango huu umefungwa kwa kanga na kila mtu anapanda, fundi anapita anauona, kidau kipo ndani, Hoza ana mikono yake, na hakuna aliyeutengeneza mpaka niliposhuka nikakataa. Kama si woga wangu, Baba, kanga ingekuwa pale mpaka leo."

Hoza akatazama ukucha wake. Bi Kidawa akacheka, cheko la kwanza tangu msumeno ulie, akasema huyu nimemwoza mwanangu kwa baraka.

Kisha kila mmoja akaapa, ufunguo uende kwa yeyote, Alhamisi ni ya Sikudhani. Hapo hofu ya Zaina ikalegea, maziwa yakashuka mpaka mtoto akapaliwa. Lakini Mzee bado alikuwa ameunyoosha mkono, ufunguo unaning'inia kidoleni, na ahadi ni ahadi, na pikapu ni moja.

Aliyeujua ugonjwa, aliyetoa shaba, aliyetoa jasho, na aliyeogopa. Haya, ninyi mliosikiliza, msitazamane: kati ya hao wanne, nani alistahili ufunguo?