Liulize Bati Lako

"Kabla hujanunua, liulize bati lako." Mmeisikia jana sokoni, muuza majiko akimwambia shangazi yenu, mkacheka, mkataka kujua bati linajibuje na halina mdomo. Basi kaeni niwaambie. Methali hii haikutoka kwa wahenga wenye mvi. Bado ni changa, hata meno ya utoto haijang'oa. Ilizaliwa hapa hapa Lwangilo, upande wa mlima wenye mvua nyingi, na kilichoizaa ni hedifoni.

Alikuwapo mama mmoja, Tusekile, mkaguzi wa majani mabichi ya chai katika banda la ushirika. Mkulima akimletea kapu, Tusekile hakuliangalia juu. Alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akachota majani ya chini kabisa, akayatandaza mezani. Juu wakulima huweka majani mawili na chipukizi, laini ya kupendeza. Chini wengine hujaza majani magumu kama soli ya kiatu. Miaka kumi na tisa ya kazi hiyo ilimfundisha kwamba mtu akikuonyesha sana juu ya kapu, chini kuna jambo. Watu walimwita Mama Chini-ya-Kapu, naye aliitika.

Binti yake, Atupele, alikuwa amemaliza chuo na kupata kazi ya kufanyia nyumbani. Kulikuwa na watafiti waliozunguka vijijini wakiwahoji wazee kuhusu mbegu za zamani. Walirekodi mazungumzo, wakamtumia, naye akasikiliza na kuandika neno kwa neno kwenye kompyuta. Ilikuwa kazi safi, isiyo na matope wala kapu mgongoni. Ila alikuwa akiacha mapengo. Pale asiposikia vizuri aliweka nukta nukta na kusonga mbele. Msimamizi wake alikwisha kumrudishia kazi mara mbili, na mara ya pili aliandika chini yake: "Ikirudi tena, tutampa mtu mwingine." Kazi ya tatu ilitakiwa baada ya wiki mbili. Lwangilo hakukuwa na kazi nyingine ya namna ile. Ikimponyoka, angerudi kuchuma chai.

Atupele alisema kosa ni la vifaa. Vile vya waya alivyochomeka masikioni vilikuwa vya bei ya pipi. Alitaka hedifoni za maana, zisizo na waya, zile zinazokaa juu ya sikio kama vifuniko viwili vya chupa vilivyovalishwa sponji. Alikuwa amezisoma mtandaoni mpaka akajua uzito wake.

"Watu mia nne wamezisifu, mama," alisema.

"Wamelipwa na nani?"

"Hawajalipwa. Ni wanunuzi tu."

"Mimi nina kisu kizuri tangu mwaka uliozaliwa wewe," alisema Tusekile. "Umewahi kunisikia nikiandika barua ya kukisifu?"

Atupele alirudi kwenye kompyuta yake. Lakini usiku huo mama hakulala vizuri, maana bei ya hedifoni hizo ilikuwa bei ya ndama, na bei ya ndama wanayo mara moja tu kwa mwaka, chai inapolipwa malipo ya pili, yale ya mwisho wa msimu. Zikiwa za kufaa na asinunue, mtoto anapoteza kazi. Zikiwa uongo na akanunua, mtoto anapoteza kazi na ndama hayupo.

Siku ya Alhamisi walishuka mjini hadi dukani kwa kijana aitwaye Ambilikile. Duka lilikuwa zuri: zulia chini, dari jeupe juu, vitu vimepangwa nyuma ya kioo kama meno. Ambilikile aliwaamkia kwa heshima, akamvisha Atupele hedifoni, akamwekea wimbo wenye ngoma nyingi. Uso wa binti ukafunguka kama dirisha.

Tusekile aliutazama uso ule na moyo wake ukajifunga. Huo ndio uso wa mtu anayeonyeshwa juu ya kapu.

"Mvue," alimwambia Ambilikile. "Nipe boksi."

Akaanza kazi. Alikagua gundi ya boksi kama ilibanduliwa ikabandikwa upya. Alilinganisha namba ya boksi na namba iliyoandikwa ndani ya utepe wa kichwa, tarakimu kwa tarakimu, akamwamuru Atupele aitafute kwenye tovuti ya watengenezaji. Ilikuwapo. Alinusa sponji. Alikunja mikono ya hedifoni, akaikunjua, akasikiliza kama inalia. Akaomba karatasi ya dhamana, akaisoma yote, hata yale maandishi ya ukubwa wa sisimizi.

"Kwa nini umepunguza bei?" aliuliza.

"Limetoka toleo jipya, mama."

"Kwa hiyo hizi zimezeeka."

"Hazijazeeka, ila—"

"Toleo jipya limetoka na hili halijazeeka. Mimi nina dada wa namna hiyo."

Ambilikile alicheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha. Tusekile alirudia kila kitu tangu mwanzo. Alizamisha mkono hadi chini ya kapu, na chini ya kapu akakuta majani mawili na chipukizi. Hedifoni zilikuwa halisi. Jambo hilo likamsumbua kuliko kama angezikuta bandia.

"Sasa shida ni nini, mama?" Ambilikile aliuliza.

"Shida ni kwamba sijaiona shida."

"Basi haipo."

"Umesema zinaua kelele?"

"Zinaua. Unabonyeza hapa, dunia yote inakaa kimya."

Tusekile alisikiliza duka. Lilikuwa kimya tangu mwanzo. "Hapa umeua nini?" alisema. "Hakuna maiti. Njoo uiue kelele ya nyumbani kwangu. Boksi shika mwenyewe, usiniachie. Ndizi na maharage utakula."

Ambilikile alitazama bei iliyobandikwa kwenye kioo, akatazama mlangoni ambako hakukuwa na mteja, akamwachia dada yake duka.

Nyumba ya Tusekile ni ya matofali ya kuchoma, imara, imeezekwa mabati meupe, na haina dari. Ukilala chali unaona misumari. Walifika saa saba, jua likiwaka. Nchi hii mvua hunyesha mpaka vyura wanachoka, lakini siku hiyo mbingu ilifuliwa ikaanikwa. Ambilikile alikula sahani ya kwanza. Akala ya pili.

"Mama, samahani, tunasubiri nini?"

"Mvua."

"Mvua?"

"Kelele yetu ni hiyo. Majirani wapole, hatuna disko."

Wakati wakisubiri, Atupele alivaa hedifoni na kufungua mazungumzo mapya, mzee mmoja akieleza habari za ulezi. Alisikia kila neno. Alisikia mzee akimeza mate. Alisikia kuku wa mzee. Akaandika nusu ukurasa bila nukta hata moja, akamgeuzia mama kompyuta aone.

Tusekile aliona. Mkono wake ukaenda kwenye pindo la kitenge alikofunga pesa, ukakaa pale.

Saa tisa Ambilikile alisimama. "Mama, mimi narudi. Na niseme ukweli, jozi ni hii moja. Kuna mwalimu amesema atapita jioni kuichukua."

"Ehe," alisema Tusekile. "Kila muuzaji ana mwalimu wake wa jioni."

"Mama, tafadhali," Atupele alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetaka pambo. "Nimeandika mbele yako. Unataka nini tena? Nikifukuzwa ndipo utaamini?"

Neno hilo lilimwingia. Alifungua fundo la kwanza la pindo. Alikuwa kwenye la pili tone moja lilipogonga bati. Tusekile akaacha vidole pale pale. Likagonga la pili, mbali kidogo. Halafu mvua ikaja yote pamoja, kama mtu aliyemwaga gunia la kokoto juu ya nyumba.

"Endelea kuandika," Tusekile alisema, lakini hakuna aliyemsikia. Akaonyesha kwa kidole.

Atupele alibonyeza kile kitufe cha kuua kelele. Ule mngurumo mzito ulipungua kweli. Ambilikile alimwona akiitikia kwa kichwa na yeye akatabasamu. Lakini mvua ya bati si mngurumo tu. Ina vidole. Vifuniko vile havikulifunika sikio, vilikaa tu juu yake, na matone yakapenya pembeni kama maji yanavyopenya mlango mbovu. Atupele aliongeza sauti. Akaongeza tena. Aliongeza mpaka Tusekile, aliyekaa kwenye kigoda upande wa pili wa meza, akaanza kusikia habari za ulezi yeye mwenyewe.

Ndipo Atupele alipobana hedifoni kwa viganja viwili, akazisukuma kichwani, na uso wake ukafunguka tena.

"Nasikia!" alipaza sauti. "Mama, sasa namsikia vizuri kabisa!"

Tusekile alinyanyuka. Alimsogezea kompyuta mpaka ikamgusa kifua.

"Andika."

Atupele alitoa mkono mmoja. Mzee akapotea. Akaurudisha, mzee akarudi. Alitazama vitufe vya kompyuta, akatazama viwiko vyake vilivyo hewani.

"Andika," mama alirudia. "Au utaandika kwa pua?"

Ambilikile aliangua kicheko, kisha kikamkauka, maana alielewa kabla ya wote kwamba hauzi kitu siku hiyo.

Mvua ilichukua saa nzima. Atupele hakukata tamaa upesi. Alijaribu kujifunga kitambaa juu ya hedifoni, alijaribu kuinamia meza. Alipozivua, masikio yalikuwa mekundu na hereni zilikuwa zimejichora shingoni. Kwenye kompyuta, chini ya ile nusu ukurasa safi, kulikuwa na nukta nukta tangu juu hadi chini.

Mvua ilipolegea wakaweza kusemezana, Ambilikile alisema polepole, "Mama, mimi sikukudanganya."

"Hukunidanganya," alisema Tusekile. "Dukani kwako kila ulichosema ni kweli. Mimi ndiye niliyekosea kapu. Nimezamisha mkono kwenye boksi lako mpaka kwenye kiwiko, kumbe kapu la kukagua lilikuwa juu ya kichwa changu." Akainua macho kwenye misumari. "Atupele, lete zile kazi mbili zilizorudishwa. Nionyeshe saa ulizoandika."

Atupele alifungua. Kurasa za asubuhi zilikuwa safi, na ziliandikwa kwa vile vifaa vya bei ya pipi. Mapengo yote yalianza baada ya saa nane mchana, mvua ya hapa inapoamka. Akazipitia tena kurasa hizo, saa kwa saa. Muda wote alikuwa akivilaumu vifaa vya masikioni, na hakuwahi hata siku moja kutazama juu.

"Zipo zile kubwa zinazofunika sikio lote," Ambilikile alisema kwa sauti ya mtu asiyejiamini. "Bei yake ni zaidi kidogo."

"Kijana, maliza chai yako."

Jumatatu fundi alikuwa kwenye chumba cha nyuma akipigilia dari la mbao. Kabla hajaziba, Tusekile alipanda ngazi mwenyewe akashindilia juu yake magodoro mawili mabovu na magunia ya maganda ya kahawa, huku fundi akilalamika kwamba hiyo si kawaida. "Na kufukuzwa kazi ni kawaida?" alimuuliza, na fundi akaendelea na misumari yake. Pesa iliyobaki ilitosha kitasa cha mlango.

Atupele alimaliza kazi ya tatu katika chumba kile, mvua ikinyesha kila alasiri, vifaa vya bei ya pipi masikioni. Aliituma siku mbili kabla ya muda. Msimamizi alijibu neno moja: "Imepokelewa." Siku nne baadaye alimtumia mazungumzo mengine arobaini.

Mnaweza kudhani yameishia hapo. Hayakuishia. Miezi saba ikapita, Atupele akawa na pesa yake mwenyewe, na hamu ya zile hedifoni haikuwa imekufa. Ilikuwa imelala tu. Ambilikile alikuwa ameleta lile toleo jipya. Lile la kwanza, kwa taarifa yenu, lilichukuliwa na mwalimu jioni ile ile, maana mwalimu alikuwapo kweli, na nyumba ya mwalimu ina dari.

"Mama," Atupele alisema, "sasa chumba ni kimya. Ninunue?"

Tusekile alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ni halisi?"

"Nimekagua namba. Nimenusa hata sponji."

"Vizuri. Hayo yote umeuliza hedifoni, na hedifoni haiishi hapa. Usiniulize na mimi, mimi siandiki. Kabla hujanunua, liulize bati lako."

Alasiri hiyo mvua ilinyesha. Atupele aliingia chumbani, akafunga mlango, akachomeka vile vya bei ya pipi, akasikiliza mazungumzo ya bibi mmoja mwenye sauti ndogo kama ya kifaranga. Alisikiliza mpaka mwisho, akaandika mpaka mwisho, akahesabu mapengo. Halikuwapo hata moja. Alipotoka hakutaja hedifoni tena.

Ambilikile alipomuuliza mbona hajarudi dukani, Atupele alimweleza alivyoambiwa na mama yake. Kijana yule alicheka, kisha akafikiri, kisha akaanza kuwaambia wateja wake vivyo hivyo. Mwenye kutaka friji kubwa na umeme wake hukatika siku tatu kwa wiki, mwenye kutaka pikipiki ndefu na njia ya kwake ni ngazi za matope, wote aliwaonyesha namba, gundi na dhamana. Halafu aliwaambia kitu ni halisi, hilo hana wasiwasi nalo, ila kuna mmoja bado hawajamuuliza, naye yuko nyumbani kwao. Alipoteza wateja wachache. Waliorudi walirudi na ndugu zao.

Basi jana, yule muuza majiko aliyemwambia shangazi yenu maneno hayo hakuwa akimtukana wala hakuwa akimfukuza. Jiko lake ni zima, na alijua kwamba shangazi amelikagua mpaka chini. Alitaka tu, pesa zikiwa bado kwenye pindo, aende kwanza akakae jikoni kwake saa ile anayopikia, atazame moshi unatokea wapi. Kabla hujanunua, liulize bati lako.