Mkanda Mmoja, Macho Mawili

Anayetaka kucheka na aende zake mapema, maana hadithi hii haichekeshi. Mimi mwenyewe kila nikiisimulia inanikera.

Palikuwa na watu watatu. Dakta Semboja alijaliwa mikono mitulivu. Fundi Kiondo, mtengeneza saa, alijaliwa subira. Naetwe, mkulima wa tangawizi kutoka Usangi kule milimani, ambaye watu humwita Mama Mbonea, alijaliwa mdomo usiofungika akidai haki.

Miaka minne iliyopita, utando wa nyuma ya jicho la kulia la Naetwe, ule unaopokea picha, ulibanduka. Dakta, katika hospitali ya huko tambarare, alijaza gesi ndani ya jicho ili iusukume utando urudi mahali pake. Kazi ikaenda vizuri. Akamruhusu aende nyumbani, asimuulize nyumbani ni wapi. Gari lilipoanza kupanda mlima, jicho likauma mpaka Naetwe akatapika. Mapajani alikuwa na pakiti ya krispi za viazi aliyomnunulia mwanawe Mbonea, nayo ilikuwa imetuna kama mto. Hewa ya juu ni nyepesi, na gesi iliyofungiwa huvimba. Walipofika, jicho lilikuwa limeshakufa.

Mwingine angelia akanyamaza. Naetwe alirudi na ile pakiti, akaiweka mezani kwa Dakta, akamwambia atafute tiba ambayo mtu wa mlimani ataweza kurudi nayo kwake. Akawa anashuka kila mwezi kumuuliza amefikia wapi, hata wauguzi wakamchoka.

Dakta naye alihangaika. Miaka miwili alikuwa akipasua macho ya mbuzi kutoka buchani, mpaka akaona kwamba mkanda mwembamba ukipitishwa nje ya jicho, kwenye tundu dogo sana, unaweza kuubana utando bila gesi. Tatizo, hakikuwepo kifaa kilichopinda cha kuupitisha kule nyuma.

Hapo ndipo alipoingia Kiondo. Alitengeneza ndoano kwa springi ya saa. Kumi na tisa zilivunjika, ya ishirini ikapita. Na kila baada ya wagonjwa watano lazima inolewe, na anayeweza kuinoa ni yeye peke yake.

Watu arobaini wa milimani wanaona leo. Dakta alipigiwa makofi kwenye mkutano wa madaktari. Katika maandishi yake Naetwe alikuwa "mgonjwa mmoja aliyepata madhara". Aliposomewa, aliumia kuliko siku ile ya gari.

Basi, Jumatatu moja pazia jeusi likaanza kushuka kwenye jicho lake la kushoto. Akateremka mbio. Kwenye benchi la kliniki akamkuta nani? Kiondo, kashika shavu. Naye ana jicho moja tu tangu surua ya utotoni, na utando wake umebanduka vilevile.

Dakta aliwapima wote wawili, akakaa chini. Mkanda umebaki mmoja. Mingine itafika mwezi ujao. Mtungi wa gesi ulishaondolewa hospitalini tangu mikanda ilipoanza kutumika, na hospitali kubwa foleni yake ni ya wiki sita. Jicho litakalosubiri halitaona tena.

"Mama Mbonea," akasema, "jicho lako la kwanza liko shingoni mwangu. Amua wewe. Utakavyosema ndivyo nitakavyofanya."

Naetwe akamfokea. "Uliponipofusha hukuniuliza kitu. Leo ndiyo unaniuliza?"

Kiondo aligeukia ukutani, akasema tu kwamba ndoano iko tayari, aliinoa Ijumaa.

Maneno hayo yalimchoma Naetwe. Akisema "langu," atarudi Usangi anaona, na ndoano ikishaisha makali hakuna wa kuinoa. Majirani zake ambao utando wao utabanduka watabaki gizani. Akisema "la Kiondo," atarudi ameshikwa mkono na Mbonea, na hatauona tena uso wa mtoto huyo, yeye ambaye bila jicho lake njia hiyo isingetafutwa kabisa. Na akikataa kuamua, pazia linazidi kushuka kwa wote wawili.

Muuguzi amesimama mlangoni, anasubiri jina la kuandika.

Msiniambie wagawane, mkanda haukatiki. Wala msimsukumie Dakta, kashanawa mikono. Haya, wewe uliyekaa hapo ukinitazama kwa macho yako mawili mazima: ungemtajia muuguzi jina gani?