Jua Lisilokausha Dagaa

Jua la ngozi halipimwi kwa dagaa. Methali hii mmeisikia leo mkacheka, wajukuu zangu, mkauliza dagaa na ngozi vimekutania wapi. Vilikutana hapa hapa ufukweni, na methali ikaanza hivi.

Nkwimba, binti mwenye ualbino, alianika dagaa pamoja na shangazi yake, Kabula. Kliniki walimpa mafuta ya kuzuia jua, naye akayatumia kwa akili ya waanikaji. Kila asubuhi aliwatazama dagaa waliotandazwa. Wakianza kukakamaa, jua lipo, anapaka. Wakibaki majimaji, jua hakuna, anayaweka akiba. Nani apake mafuta ya jua siku isiyo na jua?

Masika yakaingia na mawingu yake. Dagaa wakaoza mchangani, mafuta hayakuguswa. Ndipo shingo ya Nkwimba ilipoiva, kidonda kikachimbika nyuma ya sikio. Akachanganyikiwa. Kiangazi chote salama, iweje aungue wakati wa mawingu? Mara alidhani ni sabuni, mara moshi, mara jicho baya la jirani. Kliniki wakamwonya kuwa kidonda kisipopona, kazi ya ufukweni ataiacha. Alilia, maana nyingine hakuijua wala hakuitaka.

"Jana ulipaka?" muuguzi alimuuliza.

"Jana hakukuwa na jua, sista. Dagaa wameoza."

"Na njia ya kwenda ufukweni jana uliiona?"

"Niliiona."

"Uliwasha taa?"

"Taa ya nini mchana?"

"Basi mwanga ulikuwa wa nani?"

Nkwimba alijishika shingo. "Kumbe jua lililoshindwa na dagaa linaniweza mimi?"

"Linakuweza. Asubuhi, kabla hujatoka, ni kitu gani husahau kamwe?"

"Kujifunga kilemba."

"Mafuta yatangulie kilemba."

Hakuelewa vizuri, hilo nawaambia kweli. Lakini kila usiku kopo la mafuta alilifungia ndani ya kilemba, asiweze kukivaa bila kulishika. Kidonda kikafunga polepole.

Asubuhi moja ya manyunyu, Kabula alimkuta akipaka.

"Na leo, mwanangu? Hata dagaa hatujawatandaza. Unamwogopa nani?"

"Shangazi, jua la ngozi halipimwi kwa dagaa."

Kabula alitazama juu, hakuona jua. Akatazama kovu la mwanawe. Kisha akachovya kidole kwenye kopo, akampaka nyuma ya sikio, pale asipojiona mwenyewe.

Tangu hapo, anayengoja dalili aliyoizoea huku hatari ikimla huambiwa: jua la ngozi halipimwi kwa dagaa.