Shuka la Viraka Visivyofuliwa

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nguo!
— Imechakaa!
Ikichakaa tuitupe?
— Tusiitupe, tuiunge!

Basi sogeeni, nyie wa mlangoni ingieni ndani na mlango mrudishe, maana hadithi yenyewe inaanzia mlangoni.

Hapo kale, wala si kale sana, mpunga ulikuwepo na ndege walikuwa na njaa kama ya leo, palikuwa na mwanamke jina lake Sikuzani. Ameolewa mbali na kwao. Mumewe kaenda kuchemsha chumvi, huu mwezi wa tatu hajarudi. Mama hana pale, dada hana, shangazi hana. Ana mtoto tu, mchanga, wa siku thelathini na saba.

Na desturi mnaijua: mzazi hatoki nje mpaka arobaini, na mtoto vilevile. Watu wengine wote wako shambani wanaamia mpunga, wanapiga madebe kufukuza ndege, maana ukigeuza kisogo tu, shamba limekwisha. Mchana kijiji ni kitupu. Unasikia kuku, basi.

Siku hiyo, jua la utosi, Sikuzani akasikia pua. Naam, pua! Hakusikia miguu, hakusikia hodi. Pua, kwenye mlango wa makuti, inavuta pumzi.

*Nanusa, nanusa!*
*Nanusa mama, nanusa mwana.*
*Wawili tu, hawana watu.*
*Asiye na watu ni wangu!*

Zimwi! Pua ndefu kama mchi, na macho halina. Likasema, "Mama, leo nimenusa. Kesho nitapima. Siku ya arobaini, kabla hajatolewa nje, nitachukua. Nikikuta nyumba ina watu wengi napita zangu, mimi zogo silipendi. Nikikuta wawili, mtoto wangu."

Likaenda zake. Sikuzani akambana mtoto mpaka mtoto akalia, naye akalia, wakalia wote wawili.

Kesho yake jua la utosi, pua ileile.

*Napima, napima!*
*Napima mama, napima mwana.*
*Wawili tu, hawana watu.*
*Asiye na watu ni wangu!*

Alasiri jirani yake Mwanakheri alipoleta uji, Sikuzani hakuugusa.

"Dada, kuna zimwi. Keshokutwa linamchukua mtoto. Shinda na mimi, dada yangu, siku moja tu."

"Mdogo wangu, nikishinda hapa mpunga unaliwa, na wale sita wangu watakula nini? Kimbia!"

"Nikimbilie wapi, na arobaini haijatimia?"

Mtoto akaanza kulia, hanyamazi. Sikuzani akamlaza juu ya kanga safi, imefuliwa, inanukia jua. Mtoto akalia. Akambembeleza. Akalia. Akavua kanga aliyoshinda nayo, ina maziwa, ina jasho, akamtandikia. Mtoto akazamisha pua humo, kimya. Kalala.

"Dada, umeona?"

"Nimeona nini? Mtoto kalala."

"Hakuilalia kanga huyu. Kanilalia mimi. Dada, nguo iliyovaliwa ina mtu ndani!"

Akanyanyuka. Hofu hakuiacha, alinyanyuka nayo. Akasimama nyuma ya mlango wa makuti, na watu ndio wanarudi shambani, akapaza sauti:

"Jamani, nipeni kipande! Kipande cha nguo kuukuu, mliyoshinda nayo leo! Msifue!"

"Uzazi umempanda kichwani," akasema mmoja.

"Mwanangu," akasema Mzee Mkude, "msuli wangu huu hata mbuzi anaukimbia."

"Ndio huohuo, babu, chana nipe!"

Chambuso mgema akavua shati. "Hili la mtumba, shemeji. Kabla yangu alilivaa Mzungu."

"Afadhali, mtakuwa wawili!"

Mwanakheri akachana pembe ya kaniki yake hapohapo, kwa meno. Huyu kipande, yule kipande, haba na haba hujaza kibaba.

Akabaki Bi Arafa, mke wa mwenye duka. Bi Arafa alikuwa na gauni lake la kushindia nyumbani, lina kiraka kwapani, na hakutaka mtu ajue. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa kipya, chekundu, kingali na gundi ya dukani.

"Mimi matambara sitoi," akasema. "Shika. Kipya."

Wanawake wakaguna kwa kusifu. Kipya kinyemi ingawa kidonda! Hata Sikuzani kilimpendeza, akakiweka katikati kabisa. Hapo ndipo alipokosea. Lakini wewe ungekikataa?

Siku ya thelathini na tisa akashona. Sindano ikamchoma, akashona. Mtoto akalia, akamweka kwenye ziwa, akashona. Akashona mpaka shuka likatosha mlango mzima, akalitundika.

Siku ya arobaini, jua la utosi.

*Nachukua, nachukua!*
*Nachukua*... "Mh!"

Pua imegota kwenye msuli. "Ugoro! Kuna mzee humu." Ikasogea kwenye shati. "Tembo! Kuna mgema. Na yuko na mwenzake, ananuka baridi ya nchi nisiyoijua." Ikasogea kwenye kaniki. "Moshi wa kuni! Mama mtu mzima, na watoto sita wamejifutia kamasi hapa. Lo! Nyumba imejaa!"

Zimwi likarudi nyuma hatua moja. Likarudi mbili. Sikuzani hapumui. Hatua ya tatu likasita, likanyoosha pua katikati.

"Gundi," likasema taratibu. "Gundi ya dukani. Hapa hapana mtu."

Ukucha, chwaa! Kitambaa kipya kikapasuka, pua ikaingia ndani, ndefu yote.

"Mama, ukuta wako una ufa."

Sikuzani akavua kanga akaziba. "Wewe nimeshakuhesabu," zimwi likasema. Akavua kilemba akaziba. "Ni wewe tena, mama!" Pua inasogea, inamfuata mtoto, imebaki shibiri moja. Akaangaza huku na huku, nguo nyingine hana. Na mtoto, hakuna anayemwambia kitu, wakati huohuo akajikojolea na mengine juu yake.

Sikuzani akalivuta winda la mtoto, li moto, linachuruzika, akalishindilia tundu lile, pua na yote!

"Aaah! Na huyu? Huyu ni nani?"

"Huyo ndiye mwenye nyumba!" Sikuzani akapiga kelele. "Amekuja kukupokea! Karibu ndani!"

"Sijanusa jitu kali hivi tangu nizaliwe!" Zimwi likageuka, likajikwaa kinuni, likainuka, likakimbia, na walioko huko mbele wanasema bado linapiga chafya.

Alasiri ile mtoto akatolewa nje. Watu wote wakaja. Bi Arafa naye akaja, akaliona shuka, akauona mpasuko wa ukucha katikati ya wekundu wake. Akaenda kwake, akarudi na gauni lile la kushindia, mbele ya watu wote.

"Kateni hapa," akasema. "Kwapani. Ndipo panaponuka zaidi."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na yeye akacheka, na kiraka cha kwapa kikashonwa katikati. Tangu hapo kijijini kwao mtoto akizaliwa hapelekewi nguo ya dukani kwanza. Kila nyumba inatoa kipande, na hakifuliwi.

Hadithi yangu nimeifunga fundo, uzi nimeukata kwa meno. Ikiwa imewapa joto, jifunikeni. Ikiwa imewachoma, hiyo ni sindano tu, nirudishieni, nina kazi nayo.

Maana huyu wangu hapa ana siku thelathini na tano, na kwetu mimi ni mbali.

Haya. Nani anaanza kuchana?