Kiti cha Sultani Penye Kona ya Kisigino

Hekaya hii aliyeisimulia kwanza ni Bi Mize binti Haji, mwaka ule nzige walipokula hata majani ya mihogo. Alikuwa ndani ya eda ya mumewe, na wanawake waliokuja kumliwaza walicheka hata wakaona haya. Aliianza hivi.

Hapo zamani, katika mji wa Vumbini, palikuwa na Sultani jina lake Mwinyi Ngwame. Jumba lake lilikuwa juu ya kilima, soko lilikuwa chini ya kilima, na baina ya jumba na soko palikuwa na njia moja tu. Njia hiyo ilishuka kama iliyosukumwa, kisha ikapinda ghafla mfano wa kisigino cha mguu, ndipo watu wakapaita pale penye kona Kisigino. Na hapo Kisigino, upande wa nje wa kona, kilikuwapo kibanda cha Faki msuka makuti, mtu asiye na kitu ila mkewe Bi Mize, mtoto wao mchanga Siti, na ulimi.

Basi kila aliyeshindwa kukata kona alimwingilia Faki nyumbani kwake. Siku za soko waliingia wawili, watatu. Aliingia muuza nazi na gari lake la ng'ombe, nazi zikiwa zimemtangulia. Aliingia bwana arusi aliyekuwa akiwahi nikaha, akaketi ndani ya chungu cha uji, kilemba kingali kichwani, Bi Mize akamtazama, akamwambia, "Karibu, bwana, lakini wenzako hupiga hodi." Ikawa ukuta wa jikoni umezibwa mara nyingi, hata hapakubaki udongo wa ule ukuta wa kwanza.

Sultani alipopata habari alimwamuru Waziri wake, Hilali, aitengeneze njia. Waziri akasimamisha ubao juu ya mteremko, umeandikwa PUNGUZA MWENDO kwa hati nzuri. Wasiojua kusoma wakapita mbio kama desturi yao. Waliojua wakasimama wasome, wakagongwa na wasiojua. Waziri akauondoa ubao, akaweka mpiga ngoma awatahadharishe wapitao. Punda wakaikimbia ngoma, na njia ya kuikimbilia ilikuwa moja, ya kushuka. Mwisho akapiga mbiu ya kwamba atakayeanguka Kisigino atachapwa viboko kumi. Tokea siku hiyo walioanguka wakawa wakiinuka upesi na kutoroka wakichechemea, na Waziri akamwarifu Sultani kwamba ajali zimekwisha.

Sultani akafurahi, hata siku moja shangazi yake, Bi Mwanakheri, alipobebwa machelani kwenda kuzuru jamaa zake. Wachukuzi wakashindwa kona, machela ikapita ukutani, na bibi akatua juu ya rundo la makuti. Hakuumia, lakini alikuwa mwanamke wa miaka sabini na hakuwahi kurushwa. Akajitengeneza buibui lake, akasema, "Mwanangu, nipe maji ninywe, kisha uniambie niko kwa nani."

"Uko kwa Faki, bibi," akajibu Faki. "Wengi huipitia njia hii."

Habari hiyo haikufichika, maana bibi mwenyewe aliieleza mara saba kabla ya chakula cha jioni. Sultani akamwita Waziri, akamwuliza zile ajali zilizokwisha zimerudi lini. Waziri akasema, "Maulana, njia haina kosa. Kosa ni la kibanda. Lau kisingekuwapo, wenye kuanguka wangepita moja kwa moja hadi shamba la mihogo, wakatua pazuri."

Kesho yake Faki akapelekwa jumbani. Sultani alikuwa hamamuni akioga, basi Faki akawekwa angoje mbele ya kiti kitupu. Na desturi ya Vumbini, tangu enzi ya babu yake Sultani, ilikuwa hii: apitaye mbele ya kiti cha Sultani, awe nani, na kiti kiwe kina mtu au hakina, hushuka katika mnyama wake, huvua viatu vyake, na huenda polepole ameinamisha kichwa mpaka akipite. Asiyefanya hivyo hufukuzwa mjini. Faki akaketi sakafuni akitazama. Akaja mbeba kahawa mbio mbio. Alipofika mbele ya kiti akanywea kama konokono. Akaja mpishi anakimbiza kuku. Kuku akapita, mpishi akapita kwa adabu, na kuku akapata nafasi ya kutoroka. Kisha akaja Waziri mwenyewe, amechelewa, akasimama ghafla hata makubadhi yake yakaendelea bila yeye. Faki akayatazama makubadhi mpaka yaliposimama.

Sultani akatoka, akaketi. "Wewe ndiwe Faki, ambaye nyumba yako inawagonga watu?"

"Maulana, nashika miguu. Ndimi. Lakini nyumba yangu haijapata kuondoka mahali pake."

"Usinijibu kwa ujanja. Nakupa siku saba. Katika siku hizo mtu asianguke Kisigino, hata mmoja."

Waziri akainama sikioni mwa Sultani, akanong'ona kwa muda. Sultani akaongeza, "Wala usijenge ukuta, wala usichimbe shimo, wala usifunge kamba, wala usiweke jiwe, wala mlinzi, wala usipige kelele. Akianguka mtu mmoja, kibanda kitabomolewa, nawe na mkeo na mtoto mtahama Vumbini."

Faki akaona kwamba Waziri hakumwachia kitu ila pumzi. Akasema, "Nimesikia, Maulana. Naomba niazimwe kitu kimoja. Nasikia ghalani mna kiti chako cha zamani, mguu wake mmoja umeliwa na mchwa."

"Wataka kukikalia?"

"Hasha, Maulana. Mimi hukaa chini, na huko chini nako sikai kitako nikatulia bila kuingiliwa na mgeni."

Sultani akatabasamu kidogo. "Mpeni. Lakini ufahamu, Faki, kiti changu ni kiti changu, hata kikiwa na miguu mitatu."

Faki akasema amefahamu, akakibeba kiti kichwani hadi nyumbani. Bi Mize alikuwa mlangoni, Siti mgongoni, na habari ya kuhama imekwisha kumfikia kabla ya mumewe.

"Baba Siti, watu wanataka kutufukuza, nawe waja na kiti?"

"Si cha kukalia, mke wangu."

"Kiti kisicho cha kukalia, na mume asiye wa kutegemea. Leo nyumba imetimia."

Faki akakiweka kiti kando ya njia, pale pale njia inapoanza kupinda, kiwaelekee wanaoshuka. Kwa kuwa jiwe limekatazwa, ule mguu mbovu akauegemeza kwa kifuu cha nazi. Kisha akarudi mlangoni pake, akaendelea kusuka makuti, na akakosea kusuka, jambo ambalo halikuwahi kumpata.

Wa kwanza kushuka alikuwa muuza nazi. Alikuja kwa mwendo wake wa siku zote, magurudumu yakilia. Alipokiona kiti, na pembe za ndovu mgongoni mwake zikimeta, akaruka chini, akamkamata ng'ombe kamba ya pua, akavua makubadhi, akapita Kisigino hatua kwa hatua kama apelekaye jeneza. Hata nazi moja haikuanguka. Alipokwisha kupita akamwuliza Faki kwa sauti ndogo, "Sheikh, Sultani yuko wapi?"

"Hayupo."

"Na kiti?"

"Kiti kipo."

Muuza nazi akafikiri, akaona maneno hayo hayana kasoro, akaenda zake. Nyuma yake wakaja wengine kumi, nao wakashuka, wakavua, wakapita.

Ikawa hivyo siku ya pili. Siku ya tatu kuku wa Bi Mize akapanda kitini, akataga. Hapana aliyethubutu kumtoa, maana nani atakitia mkono kiti cha Sultani? Watu wakawa wanainamisha vichwa mbele ya kuku, na wengine wakamsabahi kwa tahadhari. Siku ya tano Waziri akashuka mwenyewe kupeleleza. Macho ya Waziri yalikuwa hayaoni mbali. Wakati ule kuku alikuwa amekwenda kula, na beberu mmoja mweupe mwenye ndevu ndefu alikuwa amejilaza kitini kando ya yai apate kivuli. Waziri akavua viatu upesi, akainama mpaka kilemba kikagusa mchanga, akaanza kumsengenya Faki: kwamba huyu mtu ni mjanja, kwamba afukuzwe hata kabla ya siku kutimia. Beberu akajibu kwa kifupi.

Bi Mize akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Alipoweza kusema akauliza, "Bwana Waziri, amesemaje?"

Waziri akasogea, akatazama vizuri, akavaa viatu vyake. "Hayo ni mambo ya serikali," akasema, akapanda kilima.

Siku ya saba ikawa Ijumaa. Sultani alikuwa amechelewa swala, naye alikuwa na punda mweupe wa Kimaskati, hodari wa mbio, asiyependa kuwaona wengine mbele. Waziri akamwambia, "Maulana, wewe ukifika Kisigino usishuke. Desturi ni ya wapitao mbele yako, nawe huwezi kupita mbele ya nafsi yako." Sultani akayaona maneno ya haki, akamwachia punda. Watumishi wake wakamfuata nyuma, na kabla ya kufika kona wote wakashuka katika wanyama wao.

Sultani akajikuta peke yake juu ya punda. Mbele yake kilikuwapo kiti, juu ya kiti kuku, na pande zote mbili za njia watu wa soko wamesimama miguu mitupu, vichwa wameviinamisha na jicho moja moja wameliinua. Akazuia hatamu. Faki akainuka mlangoni pake.

"Faki, yule kitini pangu ni nani?"

"Kuku wa mke wangu, Maulana. Analalia."

"Nami nishuke kwa ajili ya kuku?"

"Si kwa kuku, Maulana. Desturi ya babu yako yasema awe nani. Nawe ulinambia kiti chako ni kiti chako. Ukipita umepanda, kesho muuza nazi atasema, kumbe ni mbao tu. Akikisema hivyo hiki cha hapa, hatakosa kukisema na kile cha jumbani."

Hata ng'ombe akaacha kutafuna. Sultani akamtazama muuza nazi, naye muuza nazi akazitazama kucha zake. Basi Sultani akashuka, akavua viatu. Ulikuwa wakati wa adhuhuri, mchanga umewaka, na nyayo za Sultani hazikuwahi kujuana na ardhi. Akapita mbele ya kiti akirukaruka kama bisi kaangoni. Na kwa kuwa tangu kuzaliwa hakupata kumkokota punda, hakukumbuka kushika hatamu. Punda akajiona mwepesi, akatimka, akashindwa kona, akaingia jikoni kwa Faki kupitia ukutani. Pakasikika kishindo, kisha mfuniko wa chungu ukatoka ukibingirika, ukalala miguuni pa Sultani.

Waziri akapaza sauti, "Ameanguka. Maulana, amri yako. Kibanda kibomolewe."

Faki akasema polepole, "Bwana Waziri, amri ilisema mtu asianguke. Punda hakutajwa. Na mtu aliyekuwa juu yake ni huyu hapa, mzima, isipokuwa nyayo."

Sultani akalikaribia tundu la ukuta. Punda alikuwa ndani, amesimama, anakula makuti. Juu ya tundu palikuwa na boriti ya mkoko, nene kama paja, imepita sawasawa mahali ambapo pangekuwa kichwa cha mpandaji. Sultani akaigusa boriti, kisha akakigusa kichwa chake. Kisha akacheka. Akacheka hata akashindwa kusimama, akaketi mchangani. Na kwa kuwa haifai mtu kusimama Sultani akiwa ameketi chini, watu wote wakaketi, wakawa wanacheka na kuungua pamoja, na Waziri katikati yao.

Alipopata pumzi akasema, "Faki, nyumba ni yako na mji ni wako. Omba utakalo."

"Maulana, naomba njia. Kilima kichimbwe, mteremko ulale, kona ipanuliwe magari mawili yapishane. Kiti kimekwisha kuliwa na mchwa, hakitatufaa mwaka mwingine."

"Na nafsi yako?"

"Naomba ukuta."

"Na chungu," akasema Bi Mize kutoka ndani.

Sultani akatoa vyote, akamwamuru Waziri kuisimamia kazi ya njia na kuchukua kikapu cha kwanza cha udongo kwa kichwa chake mwenyewe. Njia ilichukua viangazi viwili kukamilika. Tokea hapo hapana aliyeingia kwa Faki bila kupiga hodi, na Bi Mize alinung'unika hata mwisho wa umri wake kwamba nyumba imepoa, siku hizi harusi za mjini azisikie kwa watu.

Sultani Mwinyi Ngwame alifia kitandani pake. Waziri Hilali alikufa kwa homa, Bi Mwanakheri kwa uzee, muuza nazi hijani, akiisha kufika. Faki alikufa usingizini siku masika yalipoanza, na Bi Mize akamfuata baada ya miaka minane. Aliye hai ni Siti peke yake, sasa bibi wa vitukuu kumi na mmoja. Katika wote hao, hapana hata mmoja aliyefia njiani.